Kumbukumbu za Kikao cha Kumi na Tisa

Mimi ndiye katibu. Kazi yangu kuandika kumbukumbu,
neno ambalo lugha yetu, kwa ubahili au kwa busara,
imelipa kazi mbili:
yale yaliyosemwa mkutanoni
na yale yasiyomtoka mtu usiku.

Waliohudhuria: kumi na wanne, na mjukuu mmoja aliyelala.
Udhuru: Bwana Pinto, goti.
Bi Mwanaisha, goti pia, lakini la kushoto.
Mahali: darasa la pili, Majengo, baada ya sala ya alasiri.
Madawati ni ya watoto; wazee wameketi kiupande,
bakora zimeegeshwa ukutani
chini ya jedwali la kuzidisha kwa saba.

Mada: mabomba ya maji ya mtaa, kabla ya uhuru.
Mzungumzaji: Maalim Shee, mpimaji wa zamani wa bandarini.
Projekta imekataa kuwaka,
basi kachora ramani nyuma ya kalenda ya duka la saruji,
nukta ya buluu kwa kila bomba.
Nukta sita. Tano hazina neno.
Ya sita imetula saa nzima.

Mzee Odera: lilikuwa nyuma ya msikiti.
Mzee Kalume: msikiti upi, wa bati au huu wa mawe?
Mtu akasema mbele ya duka la mafuta ya taa.
Duka hilo liliungua.
Liliungua lini?
Mwaka wa mvua nyingi.
Mvua zipi?
Maalim akifuta, akichora, akifuta,
hata karatasi ikaanza kutoboka
hapo hapo tulipokuwa tukipatafuta.

Bi Mejumaa huja, hunywa kahawa, huondoka.
Vikao vitano. Jina lake nalijua kwa kuliandika tu.
Leo akainuka.
Buibui likakwama kwenye msumari wa dawati,
akalinasua taratibu, kama aliye peke yake chumbani,
akaenda ubaoni, akaweka kidole
pasipo na nukta yoyote.

"Hapa.
Hapa ndipo n'lipoletewa talaka yangu.
Kikaratasi, kimekunjwa mara nne, kaleta mtoto wa jirani
asiyejua hata kabeba nini.
N'kakisoma. Debe lilikuwa nusu.
N'kangoja lijae."

Hakuna aliyekohoa.

"Mwataka ningefanyaje? Senti n'shalipa.
Na maji yakimwagika hayazoleki, si ndivyo mwasemavyo?
Basi mimi sikuyamwaga.
N'liyatwika hadi kwa mamangu,
n'kamwambia: haya ni ya kupikia,
na mimi nimerudi."

Wanawake ndio walioanza kucheka,
kicheko cha tumboni, cha kupigana mapaja,
kisha kikakatika ghafla, kama mtu kafunga koki,
na Bi Mejumaa bado kidole chake kipo pale,
kinatetemeka kidogo; labda ni umri.

Maalim akasema kwa upole:
"Katibu, hilo la talaka usiliandike.
Sisi twatafuta bomba."
Naye, bila kugeuka:
"Andika, mwanangu.
Ukiitoa talaka, bomba litahama tena."

Nimeandika.

Azimio: nukta ya sita isogezwe
hatua thelathini, upande wa Makupa.
Limeungwa mkono na Mzee Odera, shingo upande.

Mengineyo: tende hazikutosha.
Mjukuu aliamka, akauliza talaka ni nini;
akapewa kaimati.
Kikao kijacho: taa za barabarani.
Bi Mejumaa ameahidi kuja na dadake,
ambaye, asema, ana kesi ya zamani
na taa moja ya Mwembe Tayari.